Bi. Yu Pi-hsia, Aliyeziuliza Kompyuta Zinahangaikia Nini

Ijumaa ya tarehe 28 Machi 2025, saa kumi na moja jioni, Bi. Yu Pi-hsia atarudisha funguo za pikipiki ya kazi na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia Hsin-an Huduma za Kompyuta Majumbani kwa miaka thelathini na moja na miezi miwili. Mkurugenzi wetu, Bwana Liao, ameniagiza niandike wasifu wake katika jarida hili la wafanyakazi, na akasisitiza usizidi ukurasa mmoja. Nilimwitikia kwa kichwa tu. Atakayeona nimeandika mno apeleke malalamiko kwake.

Bi. Yu, ambaye hapa kazini na mitaani tunamwita Dada Hsia, alizaliwa mwaka 1960 hapa hapa Chiayi, binti wa fundi cherehani. Januari 1994 aliajiriwa na kampuni yetu kupokea simu, wala si kutengeneza kitu chochote. Asubuhi moja mafundi wote walikuwa nje, mteja akapiga simu akilia kwamba kompyuta yake inanguruma tangu jana na haifanyi lolote. Dada Hsia akamwambia asogeze simu karibu na sanduku la kompyuta. Akasikiliza kwa muda, kisha akasema, "Hiyo ni nzima. Imelemewa tu. Hebu niambie, jana uliituma nini?" Ikagundulika kwamba bwana yule aliitaka ichape kitabu cha ukoo wake, kurasa mia tatu, na kwa kuwa hakuona karatasi ikitoka, alibonyeza tena na tena hadi mara nane. Wiki iliyofuata Dada Hsia alikabidhiwa begi la vifaa, na mpokea simu mwingine akatafutwa.

Tangu hapo, jina lake limefungamana na tatizo moja ambalo halijawahi kutuishia: kompyuta ya nyumbani ambayo prosesa yake, ule ubongo unaofanya kazi zote, imepanda hadi asilimia mia moja na haishuki. Wateja wakiona namba hiyo huingiwa na hofu kama wameona kipimo cha homa. Dada Hsia alikuwa na maelezo yake, na aliyarudia kila nyumba bila kuchoka. Alisema mfikirie mpishi wa kibanda cha wali wa bata mzinga. Saa sita mchana hana hata nafasi ya kujikuna, na hilo ni jambo la heri. Lakini ukimkuta saa tisa bado anatoka jasho na meza zote ni tupu, usimtukane wala usimfukuze. Muulize anampikia nani.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Alivua viatu mlangoni, akavaa ndala za wageni hata kama ni ndogo kwake, akapokea chai, na hakugusa kibodi mpaka kikombe kiishe. Halafu alifungua orodha ya programu zinazokula nguvu, akanakili jina la kwanza katika daftari, na kumgeukia mwenye nyumba. "Huyu ni nani wenu?" Aliuliza kana kwamba ni mgeni amemkuta amekaa sebuleni. Mara nyingi jibu lilikuwa dogo. Binti mmoja alikuwa ameacha kurasa arobaini na tatu za mapishi wazi akiogopa kuzipoteza. Mzee mmoja wa kutengeneza saa alikuwa akichomoa waya ukutani kila jioni akienda kula, na kompyuta yake kwa miezi saba ikawa inaanza upya sasisho lile lile kila asubuhi bila kupewa nafasi ya kulimaliza. Dada Hsia hakurekebisha chochote pale. Alimwomba aiache iwake siku mbili, akaenda zake, na siku ya tatu mzee akatuletea kikapu cha mapera.

Daftari hizo sasa zimefika hamsini na mbili na zimejaza rafu nzima. Amefundisha mafundi kumi na tisa, na watano kati yao wamefungua maduka yao wenyewe na kutunyang'anya wateja, jambo analolisimulia kwa fahari zaidi kuliko Bwana Liao. Ana vyeti vitatu vya mfanyakazi bora wa mwaka. Vyote vitatu amevishindilia kwenye dirisha la ghala ili lisigonge wakati wa upepo. Na ingawa wengi hawaamini, nyumbani kwake hana kompyuta.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa kumi na saba, na sikuwa mwanafunzi mwema. Nilikuja nikiwa na umri wa miaka thelathini na tatu kutoka kiwanda kikubwa cha Hsinchu, nikiwa na shahada na kichwa kilichovimba. Siku ya nne kazini nilishikwa na njaa, nikala pakiti ya kijani iliyokuwa juu ya kompyuta kuu ya ofisi. Naam, ile ile ya vitafunwa vya mahindi na nazi ambayo kila mtu mwenye akili timamu huiweka juu ya mashine ili itulie, na haigusi. Niliona ni ushamba. Kesho yake kompyuta ile ilizimika mara sita. Bwana Liao alinyoosha kidole tu kuelekea dukani. Dada Hsia alinifuata hadi mlangoni. "Weng, mdogo wangu, hakikisha ni ya kijani. Ukileta ya njano, taa za onyo zitawaka mpaka mwaka kesho. Na soma tarehe ya mwisho wa matumizi, usije ukatuletea iliyochacha." Nilinunua mbili. Aliniamuru niiombe mashine radhi mbele ya wafanyakazi wote, nami nikaomba.

Nimesema haya ili msomaji ajue nilikuwa mtu wa namna gani nilipotumwa nyumbani kwa Mzee Hou.

Mzee Hou Chin-lai wa Minxiong ni mwana-vikaragosi. Kwa miaka sitini alisimama nyuma ya jukwaa la mbao mbele ya mahekalu ya wilaya hii, kikaragosi mkono huu na kingine mkono ule, na sauti zote za mchezo, za jenerali, hakimu, mjane, mlevi na bibi kizee, zilitoka katika koo lake peke yake. Mwaka wa pili wa mimi kuajiriwa, koo hilo liliota uvimbe. Madaktari walimweleza bila kuficha: watauondoa, atapona, lakini hatasema tena. Upasuaji ulipangwa Jumatatu. Mjukuu wake Yi-chen, ambaye ndiye mrithi wake wa pekee katika sanaa hiyo, alimfungia maikrofoni kwenye kompyuta ya nyumbani na kumfundisha vitufe vitatu vya kurekodi, kabla ya kuondoka na kundi lake kwenda kucheza Japani. Mzee alipanga kurekodi sauti zote kabla ya Jumatatu ili Yi-chen azikute.

Jumatano asubuhi mkewe, Mama Hou, alitupigia simu. Sauti zilikuwa zinakatika.

Niliingia mbio. Chai ililetwa, nikaiacha ipoe. Prosesa ilikuwa asilimia mia moja, feni inalia, na katika hedifoni jenerali wa Mzee Hou alikuwa akimeza neno moja katika kila matatu. Nilifungua orodha na kuona chanzo papo hapo: programu mbili za kuzuia virusi katika kompyuta moja ya umri wa miaka tisa. Kila kipande cha sauti kilipokuwa kikiandikwa kwenye diski, mlinzi wa kwanza alikisimamisha na kukikagua. Mlinzi wa pili akiona mwenzake ameshika kitu, naye akakishuku na kukikagua. Wa kwanza akiona kimeguswa tena, alianza upya. Prosesa ilikuwa imekwisha yote kwa walinzi kupekuana, na kurekodi kukabaki kuokota makombo.

"Tunaondoa moja," nilisema.

"Ipi?" Mama Hou aliuliza.

"Yoyote."

"Hakuna yoyote hapo, kijana. Moja ni ya Ko na moja ni ya Shih."

Ko na Shih ni wakwe zake. Siku ya pili ya Mwaka Mpya, mabinti wanapokuja kwao na waume zao, mkwe mkubwa, Ko, aliwahi kuwawekea wazazi mlinzi dhidi ya virusi kama zawadi. Mwaka uliofuata mkwe mdogo, Shih, aliona mlinzi huyo amepitwa na wakati. Kumwondoa kungekuwa kumvua nguo mwenzake mbele ya wakwe, basi akaweka wa kwake kando yake, kwa adabu zote. Na kila Mwaka Mpya, kabla hawajakaa mezani, kila mmoja alikwenda kimyakimya kuangalia kama mlinzi wake bado yuko hai.

"Niondoe moja bila kusema," nikapendekeza. "Hawatajua."

"Wee!" Mama Hou alinikazia macho. "Halafu mwakani binti yangu mmoja asije kula na mimi? Utakuja wewe?"

Nikazima programu ndogondogo zilizokuwepo. Prosesa ilishuka hadi tisini na nne. Niliwaambia hapo ndipo mwisho wangu, wanunue kompyuta mpya, itafika baada ya siku saba. Mzee Hou alijaribu tena, akasikiliza, akavua hedifoni. Kurekodi kwa simu alikuwa amekwisha kujaribu. Alisema inamfanya jenerali asikike kama anahutubia chooni. Akaanza kuwarudisha vikaragosi sandukuni, mmoja mmoja, akiwanyoosha mikono.

"Basi," alisema. "Yi-chen atakumbuka atakachokumbuka."

Nilirudi ofisini na kuandika katika fomu kwamba kazi imekamilika, kifaa ni chakavu. Dada Hsia aliisoma fomu ile akiwa amesimama.

"Ulikunywa chai?"

"Sikuwa na muda, dada."

"Chanzo ulikiona?"

"Nilikiona dakika ya kwanza. Walinzi wawili. Lakini mama hataki tuguse, eti ni mambo ya wakwe."

"Na hao wakwe uliwauliza?"

"Dada Hsia, mimi ni fundi wa kompyuta."

"Na mimi je, nashona suruali?" Aliichana fomu vipande viwili. "Mzee wa miaka sabini na nane amejifunza vitufe vitatu, wewe unataka kumletea kompyuta yenye vitufe vingine. Kesho tunakwenda wote. Na utakunywa chai."

Alhamisi tulikunywa, yeye vikombe viwili na mimi vitatu, kwa sababu nilikuwa nadaiwa. Aliomba namba za wakwe, akawapigia mmoja baada ya mwingine na kuwaomba wafike saa ya chakula cha mchana, bila kueleza sababu. Walifika wote, Ko akiwa bado na sare ya reli, Shih na beji ya duka lake la simu, kila mmoja na boksi la matunda. Nilikaa pembeni nikingoja vita.

Dada Hsia hakumlaumu mtu. Alimvalisha Ko hedifoni kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Hii ni sauti ya Baba?" Ko aliuliza. "Mbona inakatika?"

Akampa Shih. Shih alisikiliza kwa muda mrefu zaidi, akiwa ameinamisha kichwa.

"Mlangoni kuna walinzi wawili," Dada Hsia akaeleza. "Wote ni waaminifu, wanafanya kazi kwa bidii. Ila kila neno la Baba linapekuliwa mara mbili, tatu, nne, na mengine yanaangukia hapo hapo. Anaingia hospitali Jumapili jioni."

Hakutaja majina. Wala hakukuwa na haja. Ko alinyoosha mkono kuelekea kipanya. "Ondoa yangu."

"Hapana, mwanyumba," Shih akamshika kifundo cha mkono. "Ondoa yangu. Yako ndiyo iliyotangulia."

"Yako ndiyo mpya. Ibaki."

"Haiwezekani. Wewe ni mkubwa."

"Acha, Shih, usinitie aibu mbele ya Baba!"

"Mwanyumba, naomba nafasi hii uniachie mimi!"

Wakaanza kunyang'anyana kipanya, wamesimama wima, nyuso zimewaiva, kama watu wanaogombea kulipa chakula mkahawani. Ko alimsukuma Shih kwa kiwiko. Shih alikificha kipanya mgongoni. Kutoka kwenye kiti chake Mzee Hou alianza kucheka, cheko la mlevi wake wa jukwaani, na Mama Hou akamfuata, hadi wakwe wenyewe wakalegea.

"Mkishamaliza kupendana mniambie," Dada Hsia alisema. "Baba yenu ana siku nne."

Aliwaondoa walinzi wote wawili, wa mkubwa na wa mdogo, mbele ya macho yao. Akamwacha yule aliyekuja na kompyuta tangu kiwandani, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa amelala kwa kukosa nafasi. Akaizima kompyuta na kuiwasha. Tulisimama wote tukiitazama namba. Ilipanda hadi sabini, ikasita, kisha ikaanza kushuka na kutulia kwenye tisa. Feni ikanyamaza, nasi tukagundua kwamba chumba kile kilikuwa na saa ya ukutani.

Mzee Hou alifungua sanduku, akamtoa jenerali na kumvaa mkononi, maana bila kikaragosi sauti haimjii. Akatoa kwa mngurumo tamko lote la vita, dakika tatu bila kupumua vizuri. Tulipolisikiliza tena, hapakuwa na neno hata moja lililopotea. Mama Hou alilia waziwazi. Ko na Shih walikuwa wanatazama ndala zao. Mimi niliona aibu na furaha kwa wakati mmoja, na nilijua kwamba sababu ya kazi yangu kushindikana siku ya kwanza ilikuwa mimi mwenyewe. Nilisoma orodha, nikawasahau waliomo ndani ya nyumba.

Mzee alirekodi tangu mchana ule hadi Jumapili. Hakuna aliyetuita tena. Hata hivyo Jumapili asubuhi, siku yake ya mapumziko, Dada Hsia alinipitia na pikipiki. Alisema anataka kuhakikisha kwamba namba haijapanda. Haikuwa imepanda. Basi akaanza kuipitia orodha ya faili, taratibu, moja baada ya moja. Zilikuwa sitini na nne. Kila moja ilikuwa na jina: jenerali akiwa na hasira, jenerali akiwa mgonjwa, mjane, mbweha, hakimu mla rushwa, pacha wa kwanza na pacha wa pili. Alifika mwisho, akarudi juu, akashuka tena.

"Mzee, hawa wote nimewaona," alisema. "Wewe uko wapi?"

"Mimi ndiye hao wote."

"Hao ni wa Yi-chen. Mimi namtafuta yule anayelalamika kwamba supu haina chumvi."

Mzee Hou alipunga mkono kana kwamba anafukuza nzi. "Yule ana nini cha kurekodi? Ni mtu wa kawaida tu."

Mama Hou alikuwa anakunja nguo za kwenda nazo hospitali. Alisimama na shati mikononi.

"Mimi nimeolewa na huyo wa kawaida," alisema.

Mzee alivuta kiti, akakaa mbele ya maikrofoni, akatazama mikono yake. Ilikuwa mitupu, na sijawahi kumwona mtu asiyejua la kusema kama yeye siku ile, mtu aliyewasemea wengine kwa miaka sitini. Dada Hsia alibonyeza kitufe cha kurekodi, akanishika shati na kunitoa nje. Tulikaa kwenye ngazi za mlango. Tulichokisikia kutoka huko ndani hakikuwa hotuba. Alimwita mkewe jina lake, Chiu-yueh, mara mbili tatu, kama mtu anayejaribu ufunguo. Alimuuliza mkasi umewekwa wapi. Alimsimulia siku aliyomwona kwa mara ya kwanza, amesimama mbele ya jukwaa na mwavuli, akiwazibia watu wa nyuma. Mama Hou akabisha kwamba mwavuli ulikuwa wa dada yake. Wakabishana juu ya mwavuli huo kwa muda, na yote hayo yakaingia kwenye diski bila kukatika.

Upasuaji ulifaulu. Mzee Hou yu mzima, ananenepa, na hasemi. Yi-chen anacheza sasa na sauti sitini na nne za babu yake masikioni mwake, na aliyekwenda hekaluni mwaka jana anajua Yi-chen amefika wapi katika sanaa hiyo. Faili ya sitini na tano haichezwi jukwaani. Mama Hou huiwasha jikoni wakati anakata mboga, na mara nyingine humjibu mwanamume aliye ndani yake huku mwenyewe amekaa mezani akimtazama na kutabasamu. Ko na Shih bado wanakuja siku ya pili ya Mwaka Mpya, na sasa hugombea kuosha vyombo.

Mimi nilibaki Hsin-an kwa sababu ya Jumapili ile. Bwana Liao anadhani ni kwa sababu ya bima.

Dada Hsia, kwa niaba ya mafundi kumi na tisa uliowafunza, wakiwamo wale watano waliotuasi, nakushukuru. Nakushukuru kwa kila kikombe cha chai ulichonilazimisha kunywa. Unasema mwezi wa kwanza hutaigusa kompyuta ya mtu yeyote. Hakuna anayekuamini, lakini tutajizuia kukupigia simu walau wiki ya kwanza. Ulale mpaka jua lipande. Magoti yako yaliyopanda ngazi za nyumba zote za Chiayi yapate kupumzika. Na mahali popote utakapoketi, akutokee mtu wa kukuuliza wewe unahangaikia nini, kama ulivyotuuliza sisi.

Kuhusu ratiba ya Ijumaa: hotuba ya mwisho itatolewa na Mzee Hou Chin-lai. Alikuja ofisini Jumanne iliyopita na mkewe, akaandika ombi lake kwenye karatasi, na Bwana Liao akakubali mara moja. Ataleta kompyuta yake mwenyewe, ile ile, na atabonyeza kitufe kwa mkono wake. Ni kipande kutoka mwisho kabisa wa faili ya sitini na tano, maana hakuna mtu aliyekumbuka kuzima maikrofoni. Unasikika mlango ukifunguliwa. Inaonekana Mzee alitazama nje akatuona mimi na wewe tunavaa viatu. Mama Hou alinisikilizisha kwenye hedifoni pale ofisini, nikalazimika kwenda kusimama ghalani kidogo. Nayaandika maneno yenyewe hapa ili siku hiyo usije ukasema vumbi limekuingia machoni:

"Hsia! Unakwenda wapi wewe? Rudi ukae, tule kwanza."

Maisha mema tunakutakia kwa moyo wote, Dada Hsia, ila yaanze baada ya chakula.

Weng Chun-ta, fundi